Nyota pacha ndani ya nebula: utaijuaje?

Ndugu yangu wa Mikindani, umeuliza kama darubini ya sentimita 25 itakuonyesha nyota mbili katikati ya nebula ya kisayari, yaani wingu la gesi lililotupwa na nyota inayokufa. Haitazitenganisha, zimekaribiana mno. Unachopima ni mwanga unaopanda na kushuka.

Anza na nyota pacha UU Sagittae, ndani ya nebula Abell 63. Juni hadi Septemba hapo kwako inapanda nyuzi 62 hivi upande wa kaskazini. Nyota zake mbili huzungukana kwa saa 11 na dakika 10, kwa hiyo kupatwa (moja kuificha nyenzake) kunawahi kama saa 1 na dakika 40 kila usiku. Usiku mmoja ukikosa, rudi kesho yake. Nje ya kupatwa mng'ao wake ni daraja la 14.7 (namba ikikua, nyota ni hafifu zaidi), kisha inafifia mno, pengine ipotee kabisa kwenye picha. Si kamera mbovu hiyo.

Piga picha za dakika 2. Zikiwa ndefu mno, mteremko wa mwanga unafutika. Linganisha na nyota jirani zilezile kila picha. Na umande wa bahari! Lenzi ikilowa, nyota zote hufifia pamoja. Funga mkanda wa joto mapema.