Tikisa Namba Kabla Hujauamini Mti Wako wa Maamuzi

Mwanafunzi akiniletea mti wa maamuzi aliouchora vizuri, mraba penye uamuzi, duara penye bahati, kila tawi na uwezekano wake, namuuliza kwanza: namba ipi ikibadilika, jibu lako linageuka? Wengi hukaa kimya. Jibu wanalo, ila hawajui limeshikiliwa na nini. Kulitafuta hilo ndiyo kazi ya uchambuzi wa unyeti.

Chukua mtoto mwenye homa, katika zahanati iliyoishiwa vipimo vya haraka vya malaria. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka mgonjwa apimwe kwanza, lakini leo vipimo havipo. Umpe dawa mseto ya malaria, usimpe? Mwaka 1975 madaktari wa Marekani, Pauker na Kassirer, walionyesha kuwa swali la namna hii lina kizingiti: madhara ya kumtibu asiye na ugonjwa huo, ukigawa kwa jumla ya madhara hayo na faida ya kumtibu aliye nao. Tuseme madhara ni 1 na faida ni 9. Kizingiti ni asilimia 10. Uwezekano wa malaria ukizidi hapo, unatibu.

Sasa tikisa. Wengi huanza na uwezekano wa malaria, na wana sababu, maana Geita au Kigoma si Zanzibar. Mimi nakusihi uanze na madhara. Dawa mseto yenyewe watoto wengi huivumilia. Hatari iko kwenye nimonia inayoendelea kifuani huku mama amerudi nyumbani akiamini mwanawe ametibiwa. Ukiihesabu hiyo, madhara yakapanda hadi 3, kizingiti kinafika asilimia 25. Mtoto mwenye uwezekano wa asilimia 15, aliyekuwa wa kupewa dawa, sasa ni wa kuhesabiwa pumzi, kutafutiwa chanzo kingine au kupewa rufaa.

Mipaka ya kutikisia usiibuni. Kuongeza na kupunguza asilimia kumi kila mahali hakukuambii kitu. Fungua rejista ya maabara, ya masika na ya kiangazi, uchukue kiwango cha chini na cha juu kilichowahi kuonekana. Namba isiyogeuza jibu hata ukiivuta mwisho hadi mwisho, achana nayo. Inayogeuza, kaa nayo, waulize madaktari wa watoto, kisha ibadilishe pamoja na nyingine, kwa sababu wodini hazibadiliki moja moja.

Na kizingiti chenyewe kiandike ukurasa wa kwanza wa ripoti. Mganga mfawidhi mwenye foleni mlangoni hatafika kwenye kiambatisho.