Umeweka nukta ya mwisho? Usitume kwanza

Ukimaliza hadithi, unapumua, na papo hapo unapoteza uwezo wa kuiona. Kwa siku kadhaa unachokisoma si kile kilichoandikwa bali kile ulichokikusudia. Ndiyo maana hukumu ya usiku huo, iwe "hapa nimetisha" au "hii takataka", haifai kufuatwa. Hisia zenyewe, hata hivyo, zina kazi. Kila moja huacha alama kwenye maandishi, mara nyingi karibu na mwisho, na anayezijua alama hizo anajua pa kuanzia kuhariri.

Tuanze na sura, maana hilo ni jambo dogo. Kosa la kawaida ni kufunga kompyuta pale pale sura inapoishia. Kesho yake raha imepoa, ukurasa mweupe unakukodolea macho, na wewe unaishia kupiga msasa sura ya 3 wiki mbili nzima badala ya kuianza ya 4. Dawa ni dakika 10. Kabla hujanyanyuka, andika sentensi mbili tatu za sura inayofuata, hata kama utazifuta. Kisha fungua daftari la hadithi ujaze: ilikuwa siku gani na saa ngapi, nani yuko wapi, amevaa nini, ana shilingi ngapi mfukoni, na siri ipi inajulikana na nani. Hilo la siri ndilo linaloangusha wengi. Sura ya 5 mama hajui kuwa bintiye ana mimba. Sura ya 9 anaitaja kwenye ugomvi, na hakuna aliyemwambia.

Wanaotoa hadithi kwa sehemu Facebook au kwenye makundi ya WhatsApp wana mtihani wa peke yao. Sehemu ya maneno 800 hadi 1,200 ikishatumwa, maoni yanamiminika: "tunasubiri mwendelezo", "usimuue Salma tafadhali". Raha ile inalevya. Ndiyo inayomfanya mtu atume sehemu ya 7 wakati hajui ya 8 inaelekea wapi. Kamilisha sehemu 5 kabla ya kutuma ya kwanza, na usiache akiba ishuke chini ya 3. Maoni yasome, lakini usigeuze hatima ya mhusika kwa ajili ya maoni ya leo. Mambo uliyoyadokeza sehemu ya 2 yataning'inia bila jibu, na wasomaji wale wale ndio watakaokuambia hadithi imepoteza ladha.

Sasa hadithi nzima. Usiku wa furaha una kazi moja tu: kuhifadhi. Weka nakala 3, moja kwenye kifaa chako, moja uliyojitumia kwa barua pepe, moja kwenye flashi. Jina la faili libebe kichwa, namba ya rasimu na tarehe. Mafaili yanayoitwa "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho wa kweli" ndiyo yanayofanya mhariri atumiwe toleo ambalo silo. Na kwa wanaoandikia kwenye simu: kubandika hadithi kwenye kisanduku cha ujumbe si kuhifadhi. Tuma kama faili.

Baada ya furaha huja ahueni, na hii ndiyo ya kuogopa. Kama ulipoandika neno la mwisho ulijisikia kama aliyetua gunia la mkaa, shuku asilimia kumi ya mwisho ya hadithi yako. Dalili zake zinafahamika: mtu mbaya anagongwa na lori, miaka mitano inapita ndani ya sentensi moja, barua inafika na kueleza kila kitu, mhusika anazinduka, kumbe alikuwa akiota. Kipimo ni hesabu tu. Hesabu maneno ya kilele, pale wahasimu wanapokabiliana, ulinganishe na tukio la kwanza kubwa. Ikiwa wapenzi walipewa maneno 900 kukutana kituo cha basi, na siku ya kuumbuana wamepewa 200, wewe ulikuwa unakimbilia kulala. Usitibu kwa kuongeza maelezo ya hali ya hewa. Rudi kwenye kile ulichokisimulia kwa haraka, ukiandike upya kama tukio lenye mahali, maneno yanayosemwa, mtu anayetaka kitu na mwingine anayemzuia.

Huzuni ya kuagana nayo ina alama yake. Mwanahistoria Mwingereza Edward Gibbon alimaliza historia yake ndefu ya kuanguka kwa Roma mjini Lausanne, Uswisi, usiku wa tarehe 27 Juni 1787, kati ya saa tano na saa sita. Akaweka kalamu, akatembea bustanini. Kwanza alifurahia uhuru wake na sifa zilizomngoja. Punde akaingiwa na majonzi, kwa kuwa alikuwa ameagana moja kwa moja na mwenzi wake wa siku nyingi, yaani kitabu chenyewe. Washairi wetu wana njia ya kuaga: kaditama, ubeti wa mwisho ambamo mtunzi hutangaza kuwa amefika na anatua. Mwandishi wa riwaya hana kaditama, basi hujitengenezea ya wizi. Hadithi imekwisha, lakini yeye bado anasindikiza wageni hadi barabarani: aya moja ya harusi, moja ya watoto waliozaliwa, moja ya mhusika kutazama machweo akitafakari maisha. Funika aya ya mwisho kwa kiganja usome iliyo juu yake. Kama hakuna kilichopotea, funika na hiyo. Simama pale ambapo ukifunika zaidi, kitu kitapotea. (Utupu wa kuagana na hadithi huisha wenyewe. Ukizidi wiki mbili na ukakunyima usingizi na hamu ya kula, hapo tena si suala la hadithi, muone daktari.)

Kinyaa kwa kawaida hubisha hodi siku ya tatu au ya nne. Usifute chochote. Andika orodha ya kasoro unazozijua, isizidi ukurasa mmoja, uifungie pamoja na hadithi. Hadithi fupi ilale wiki 2, riwaya wiki 6. Wakati huo usianze mwendelezo wake. Andika kitu kifupi cha aina nyingine. Na kama mhariri anaitaka kesho, basi lala usiku mmoja, badilisha aina ya herufi na ukubwa wake, au ichapishe, kisha usomee mahali ambapo hukuandikia. Jicho linadanganyika kidogo, na kidogo hicho kinatosha.

Ukirudi, soma kwa sauti, bila kalamu. Ulimi ukijikwaa, hapo pana sentensi iliyozaliwa kwa Kiingereza kichwani, au upatanisho uliovunjika: uligeuza gari likawa pikipiki, lakini mistari miwili mbele bado "lilizimika". Mzunguko wa pili ni wa hesabu. Aliyezaliwa 1990 hawezi kuwa Kidato cha Pili mwaka 2010 bila maelezo, kwani ana miaka 20. Wala mtu wa mwaka 2003 hawezi kutuma pesa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya 2007 na Tanzania 2008. Kosa la aina hii msomaji hulisamehe mara moja, halafu huanza kukukagua.

Baada ya hapo ndipo utafute wasomaji, wawili au watatu, wasiokudai wala kukupenda kupita kiasi. Usiwaulize kama hadithi ni nzuri. Kwa adabu zetu utajibiwa "hongera sana, umeandika vizuri", na utarudi nyumbani mikono mitupu. Waulize walichoka ukurasa gani, walirudia kusoma wapi kwa kutoelewa, na walipofika katikati walidhani nini kitatokea. Waweke alama pembeni wakati wanasoma, si baada ya kumaliza. Wawili wakichoka ukurasa wa 41, usiuguse kwanza ukurasa wa 41. Soma kuanzia wa 37, maana uchovu wa msomaji huchelewa kujitokeza, na mara nyingi kilichouanzisha ni mazungumzo ya kurasa tatu yaliyosema jambo ambalo tayari analijua.