Maswali na majibu: Kadi ya mtandao yenye matundu matatu

Nina kadi ya mtandao ya zamani ya kampuni ya 3Com kwenye mashine yenye mfumo endeshi wa OpenBSD. Kebo nimechomeka lakini hakuna kinachopita. Imekufa?

Usiitupe bado. Kadi hizi zina tundu la RJ-45 (la kebo ya kawaida ya mtandao), tundu la mviringo la BNC kwa kebo ya koaksia, na AUI yenye pini 15, na ni tundu moja tu linalofanya kazi kwa wakati mmoja. Kabla ya kubadilisha chochote, iulize kadi yenyewe:

`ifconfig ep0 media`

Utaonyeshwa aina zote inazozikubali na ile iliyochaguliwa sasa. Ukikuta 10base2 (yaani tundu la BNC) ndiyo iliyochaguliwa, na kebo yako imo kwenye RJ-45, ugonjwa umeshaupata: kadi inasikiliza mlango ambao hakuna anayebisha. Ukiwa root (msimamizi wa mfumo), andika:

`ifconfig ep0 media 10baseT`

Kwa BNC ni 10base2, kwa AUI ni 10base5. Jina ep0 ni la kadi hiyo. Ya kwako huenda inaitwa vingine, na ifconfig bila nyongeza itakutajia.

Nikizima na kuwasha, mpangilio unapotea.

Amri hiyo huishi hadi mashine izimwe. Kwenye OpenBSD, ongeza mstari `media 10baseT` katika faili `/etc/hostname.ep0`. Kwenye mfumo ndugu wa FreeBSD, mpangilio huo, ambao huko huandikwa `media 10baseT/UTP`, huingia ndani ya `/etc/rc.conf`, katika mstari uleule wenye anwani ya kadi.

Nimechagua 10base2, bado kimya.

Hapo acha kibodi ushike kebo. Kila ncha ya mstari wa koaksia lazima ifungwe kwa terminata (kifuniko chenye kizuizi cha umeme) ya omu 50, na kiungo cha T kikae juu ya kadi moja kwa moja, bila kipande cha kebo katikati. Kipande kimoja kisizidi mita 185 wala mashine 30. Terminata moja ikilegea, mashine zote za mstari huo hukatika pamoja.

Kwenye kadi nyingine, em0, nimelazimisha 100baseTX (megabiti 100 kwa sekunde) na full-duplex (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja) ili kasi iongezeke, sasa faili zinatambaa. Ping, amri ya kupima mawasiliano, iko sawa!

Kosa hili linaniuma kila nikilikuta, kwa sababu limesababishwa na nia njema. Ulipoizuia kadi isijadiliane na upande wa pili wa kebo, swichi iliyobaki kwenye hali ya kujichagulia iliweza kutambua kasi lakini si dupleksi, ikaangukia nusu dupleksi (kutuma na kupokea kwa zamu). Basi kadi yako inatuma wakati wowote, nayo swichi ikipokea huku inatuma inahesabu ni mgongano. Ping ni pakiti ndogo za hapa na pale, kwa hiyo hupenya. Faili kubwa ndiyo inayoumia. Rudisha hali ya awali:

`ifconfig em0 media autoselect`

Kisha soma mstari wa media uone walichokubaliana. Ukilazimika kufunga kasi na dupleksi, funga pande zote mbili. Kwa gigabiti juu ya kebo ya shaba, mjadala ni sehemu ya kiwango chenyewe, uachie tu.

Na kwenye Linux?

`ethtool eth0` itakuonyesha tundu linalotumika, kasi na dupleksi. Kubadilisha tundu ni `ethtool -s eth0 port bnc`, au tp, au aui, mradi draiva (programu inayoiendesha kadi) inaruhusu.