Fizi za mjukuu wangu zisiguswe

Mwanangu,

Nimesoma ujumbe wako wa jana usiku. Mtoto anaharisha siku ya pili, kwenye ufizi kuna kitu cheupe kimevimba, na mama mkwe wako anasema ni meno ya plastiki, ndiyo yanayomharisha, apelekwe kwa yule mzee yakatolewe. Unaniuliza umpeleke?

Usimpeleke. Hicho cheupe ni jino la chonge, bado changa, halijatoka. Watoto wa miezi minane wote wanalo. Likichokonolewa kwa spoku ya baiskeli mtoto atabaki na kidonda, labda na pepopunda, na kuharisha kuko palepale.

Kinachoua ni kuishiwa maji mwilini. Kaka yako nilimnyima maji makusudi, nikidhani nikiziba juu na chini kutakauka. Nilipomfinya ngozi ya tumbo ilibaki imesimama kama kanga iliyokunjwa. Utosi umebonyea, analia, machozi hakuna. Nilikimbilia zahanati pekupeku, sikujua hata kama nimeacha viatu.

Pakiti moja ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, maji lita moja yaliyochemshwa yakapoa. Usikisie kwa jagi, pima kwa chupa mbili za nusu lita. Kila akiharisha mpe robo hadi nusu kikombe, kijiko baada ya kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena taratibu. Maji hayo ya ORS yakipita saa 24, mwaga. Zahanati watakupa na zinki: miligramu 20 kwa siku, siku 10 kamili, hata choo kikikaza siku ya tatu (wengi huachia hapo). Ziwa lisikatishwe, uji uendelee. Hizo antibiotiki zilizobaki kabatini usimpe.

Akiharisha damu, macho yakizama, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, usinipigie mimi kwanza, ita bodaboda. Na homa ikipanda akapimwe malaria; usimpe dawa mseto kwa kubahatisha.

Mama mkwe usibishane naye. Amelea watoto sita, nia yake njema. Mkabidhi kikombe na kijiko, yeye ndiye amnyweshe pale barazani. Mikono yake ina subira kuliko yako.

Nibusie mume wangu. Nepi yake ikilowa mkojo nijulishe, hata iwe usiku wa manane.

Mama yako