Ndege wa alfajiri na matembezi ya Jumatano

SWALI: Mimi ni muuguzi hapa Nairobi. Nikitoka zamu ya usiku, ndege wakubwa hupita juu ya paa la wodi wakipiga kelele, "haa! haa-haa!" Natamani kuwajua. Nasikia kuna kundi linalotembea kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, lakini sina darubini, sijui jina la ndege yeyote ila kunguru, na wenzangu wananiambia hayo ni mambo ya Wazungu. Niende kweli?
Muuguzi, South B

JIBU: Nenda, dada yangu, tena Jumatano hii ikiwa huna zamu. Hao wanaokupokea alfajiri ni kwarara, wale waitwao hadada kwa sababu ya sauti yao hiyo hiyo. Siku moja wakitua kwenye nyasi za hospitali, sogea taratibu. Kwa mbali utaona ndege wa kijivu mwenye mdomo mrefu uliopinda, anadokoa udongo akitafuta nyungunyungu. Jua likimpiga begani, kijivu kile kinageuka kijani na zambarau. Mimi niliishi nao miaka mingi kabla sijaiona rangi hiyo, na tangu siku ile sijawahi kumpita kwarara bila kusimama.

Matembezi unayoyasikia ni ya Nature Kenya, chama ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1909. Mtazamaji ndege Fleur Ng'weno aliyaanzisha mwaka 1971. Watu hukutana Makumbusho ya Taifa saa tatu kasorobo asubuhi, kisha hugawana magari kwenda mahali palipochaguliwa siku hiyo. Asiye mwanachama hulipa kiasi kidogo. Vaa viatu vya kufunika vidole, acha nguo nyeupe nyumbani, beba maji.

Darubini usinunue bado. Siku yangu ya kwanza mama mmoja alinivua woga kwa kuniazima yake. Nilikuwa namtafuta ndege aitwaye shorewanda ndani ya kioo na kuona majani matupu. Akanishika kiwiko, akaniambia, "Usimtafute kwa darubini. Mtazame kwa macho yako, usiyabandue, kisha inua darubini mpaka ifike machoni." Nikafanya hivyo, na shorewanda akajaa kioo kizima, kichwa cheusi, na chini ya mkia ile manjano ambayo sikujua kama anayo. Kabla ya hapo alikuwa amenirekebishia: fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka kijiti unachokitazama kionekane wazi, halafu fumba la kushoto, zungusha pete iliyo kwenye kioo cha kulia. Ukifika wakati wa kununua, tafuta yenye maandishi 8x42, yaani inayokuza mara nane, na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 42. Zile zinazokuza mara 10 huvutia dukani, lakini mikono ikitetemeka kidogo tu, ndege naye anatetemeka.

Hilo la Wazungu limeniuma. Bibi yangu hakuwahi kushika darubini, lakini akimsikia kekeo mwenye kifua chekundu akiita mara tatu tatu, alianza kutayarisha jembe, kwa kuwa ndege huyo huita sana mvua zinapokaribia. Mbayuwayu, chozi, kigogota, korongo, haya majina nani aliyatunga kama si watu waliotazama? Waambie wenzako hivyo, kisha mchukue mmoja wao uende naye.

Kuhusu majina, siku ya kwanza usijaribu kuyashika yote. Viongozi watataja hamsini na zaidi na kichwa kitajaa. Chagua ndege watatu, andika rangi ya mguu, umbo la mdomo na anachokula, sio jina peke yake. Na kwa kuwa unatoka zamu ya usiku, lala kwanza kwa muda wa saa mbili au tatu ukiweza, la sivyo njoo wiki ambayo ulikuwa na mapumziko. Ukifika pale Makumbusho, mwambie kiongozi kwamba ni mara yako ya kwanza na huna darubini. Mwulize pia kuhusu kwarara wako, atafurahi kukuonyesha.