S'mores zilianzia kwa nani?

Mkuu, umeuliza nani aligundua s'mores, ile biskuti ya Wamarekani yenye chokoleti na mashimelo (peremende laini kama sponji) ya kuchoma kwenye moto wa kambini. Mgunduzi wa uhakika hayupo, ila maandishi yapo. Mapishi yake yamo kwenye kitabu cha Girl Scouts, skauti wa kike wa Marekani, cha mwaka 1927, kwa jina la "Some Mores". Wanataka vijiti 8, biskuti 16, chokoleti 8 zilizovunjwa katikati na mashimelo 16. Yaani kila mtu anachoma mawili juu ya makaa, si kwenye ndimi za moto, mpaka ngozi ikauke na ndani kuwe ute. Kisha anayabana na chokoleti katikati ya biskuti mbili. Hapo joto la mashimelo ndilo linaloyeyusha chokoleti.

Kinachonichekesha mimi ni hiyo biskuti. Inaitwa Graham kwa sababu ya mchungaji Sylvester Graham, aliyehubiri miaka ya 1830 kwamba watu wale unga usiokobolewa na vyakula visivyo na mbwembwe, maana vitamu na viungo vinawasha tamaa za mwili. Alifariki 1851. Leo biskuti yenye jina lake inatiwa sukari, halafu inapakwa chokoleti!

Mashimelo yenyewe yalitokana na dawa ya koo, utomvu wa mzizi wa mmea wa mabwawani. Siku hizi ni sukari na jelatini tu, kwa hiyo ndugu zangu mnaokula halali someni pakiti kwanza, jelatini nyingi hutoka kwa nguruwe.