Maswali ya Wasomaji: Redio za Muziki wa Klasiki Mtandaoni

Swali: Ndugu mhariri, nikitafuta neno "klasiki" kwenye programu ya redio napata stesheni mamia, na nyingi zinazungusha vipande vilevile: dakika tatu za Vivaldi, tangazo la biashara, kisha Vivaldi tena. Stesheni nzuri nitaitambuaje bila kukaa siku nzima nikionja moja moja?

Jibu: Usianze na jina la stesheni, anza na orodha ya vilivyopigwa. Stesheni makini huweka kwenye tovuti yake orodha ya siku, saa kwa saa, yenye jina la mtunzi, kazi, okestra na kondakta. Angalia muda unaopita kati ya kazi moja na inayofuata. Simfoni ya Tisa ya Beethoven peke yake huchukua zaidi ya saa moja, na Simfoni ya Tatu ya Mahler hukaribia saa moja na dakika 40. Kama katika orodha ya siku nzima hakuna kitu kinachozidi dakika saba au nane, hapo wanakata: unapewa sehemu ya polepole ya konseto, isiyo na kichwa wala miguu. Kwa mtu anayetaka sauti ya chinichini akifanya kazi zake, hilo halina ubaya. Kwa mtu anayetaka kusikiliza, ni kupoteza muda. Na pale orodha isipotaja okestra wala mpigaji, mara nyingi ni kompyuta tu inayozungusha faili.

Stesheni za mashirika ya umma ndizo mahali salama pa kuanzia, kwa sababu zina waandaaji wanaoujua muziki na mara nyingi zina okestra zao wenyewe. BR-Klassik ya Munich ni ya shirika lenye mojawapo ya okestra bora za Ujerumani, hivyo matamasha yake huyapata kwanza. France Musique ina maongezi mengi ya Kifaransa, lakini pembeni yake zipo chaneli za mtandaoni zisizo na porojo, mojawapo ya muziki wa baroki, yaani wa zama za Bach na Vivaldi, na nyingine ya opera. NPO Klassiek ya Uholanzi ndiyo ile iliyoitwa NPO Radio 4 hadi 2023, kwa hiyo ukikutana na jina la zamani kwenye saraka (orodha ya stesheni na viungo vyake), jua kiungo nacho huenda ni cha zamani. Asiyetaka kusemeshwa ajaribu Radio Swiss Classic: hakuna matangazo ya biashara, na mtangazaji hutaja kazi kwa sentensi chache tu. WQXR ya New York huishi kwa michango ya wasikilizaji, na ikifika siku za kuchangisha huomba kwelikweli, vumilia, zitapita.

Jambo moja huwashangaza wengi. Ukihama kutoka stesheni ya nchi moja kwenda ya nchi nyingine usiku wa manane ukakuta kazi ileile, simu yako haina tatizo. Redio za umma za Ulaya hugawana kipindi cha usiku kinachoitwa Euroclassic Notturno, chenye rekodi za matamasha ya redio hizo, na BBC ndiyo inayokiandaa. Kwenye Radio 3 ya BBC kinaitwa Through the Night. Ni hazina, maana mengi yanayopigwa humo hayajawahi kutolewa kwenye santuri.

Swali: Nina bando dogo, na stesheni moja hutoa mikondo ya kilobiti tofauti kwa sekunde. Nichague kilobiti ngapi?

Jibu: Zidisha kilobiti kwa sekunde mara 0.45, utapata megabaiti kwa saa. Kilobiti 64 ni kama MB 29 kwa saa, 128 ni karibu MB 58, na 320 ni MB 144.

Lakini namba hiyo peke yake haitoshi, lazima ujue na kodeki, yaani njia iliyotumika kuifinya sauti, kama vile MP3 au AAC. AAC ya 128 husikika safi kuliko MP3 ya 128. Halafu kuna HE-AAC, ambayo saraka nyingi huiandika AAC+. Hii hutuma sauti za chini na za kati, kisha sauti za juu hukadiriwa upya na kifaa chako kwa kufuata maelekezo machache. Ndiyo maana kilobiti 64 zake zinatosha kabisa kwa piano au kwaya ndogo. Udhaifu wake hujitokeza kwenye harpsikodi (kinanda cha kale cha nyuzi), matoazi na makofi ya watazamaji: makofi yakisikika kama mafuta yanayokaanga, umeujua. Mwenye bando dogo achague HE-AAC ya 64 na asione haya. Mwenye intaneti isiyo na kikomo na spika nzuri atafute redio ya umma ya Jamhuri ya Cheki, kwani stesheni zake Vltava na D-dur hupatikana hata kwa FLAC, yaani bila kupunguzwa chochote. Hiyo hula mamia ya megabaiti kwa saa.

Swali: Nilibonyeza kiungo cha kusikiliza, nikashushiwa faili dogo linaloishia na .pls, na halifunguki.

Jibu: Faili hilo halina muziki, lina anwani tu. Lifungue kwa programu ya kawaida ya maandishi, utaona mstari unaoanza na File1= ukifuatiwa na http. Nakili kuanzia http hadi mwisho wa mstari. Kwenye kompyuta fungua VLC, programu ya bure ya kucheza sauti na video, bonyeza Ctrl na N, bandika, kisha cheza. Faili la .m3u nalo ni hivyohivyo. La .m3u8 ni jingine: linaorodhesha vipande vya sekunde chache chache, hivyo ipe programu ya kuchezea anwani ya faili lenyewe, usichokonoe ndani.

Anwani ikigoma kwenye kivinjari lakini ikacheza kwenye VLC, huenda inaanza na http bila s. Vivinjari huzuia sauti ya namna hiyo ndani ya ukurasa wa https. Ikigoma kote, huenda stesheni imehamisha seva. Saraka ya Radio Browser ni ya bure na huonyesha kodeki na kilobiti, ila hujazwa na watu wa kujitolea, kwa hiyo neno la mwisho ni tovuti ya stesheni yenyewe.

Ukishaipata, bonyeza Ctrl na J huku ikicheza. VLC itakuonyesha kodeki halisi, na wakati mwingine utagundua ulichoahidiwa sicho unachopewa.

Swali: Redio hukatika kila nikizima skrini ya simu, na nikiwa njiani ndiyo kabisa.

Jibu: Ni matatizo mawili. La skrini linatokana na simu kubana matumizi ya betri: nenda kwenye mipangilio, fungua programu ya redio, na upande wa betri uiruhusu kufanya kazi bila kizuizi. La njiani ni kwamba simu ikihama kutoka Wi-Fi kwenda data, muunganisho wa zamani hufa. Mkondo wa .m3u8 huvumilia zaidi hapo, kwa kuwa kila kipande huombwa upya. Kwenye kompyuta yenye intaneti inayoyumba, kwenye dirisha lilelile la Ctrl na N weka alama kwenye "Show more options", kisha badilisha 1000 iliyo kwenye kisanduku cha "Caching" iwe 5000. Itachelewa kidogo kuanza, lakini itakuwa na akiba ya sekunde tano.

Swali: Mbona sehemu za sauti ndogo hazisikiki kabisa, kisha tarumbeta zinanishtua?

Jibu: Ndivyo muziki wenyewe ulivyo. Stesheni za biashara huubana, yaani hupunguza tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa, ili mtu aliye garini asikie yote. Nyingi za umma huuacha na milima na mabonde yake. Tumia hedifoni zinazoziba masikio, na upange kiwango cha sauti wakati sehemu yenye kelele inapopigwa, kamwe si wakati wa ile ya kunong'ona.